Kunguru wa Nakuru: Kweli au Si Kweli?

Mahindi yakichomoza Njoro, Rongai na Subukia baada ya mvua ya masika, kunguru naye huwa ameshafika. Hufuata mstari hatua kwa hatua, hushika mche kwa mdomo, huung'oa na kula punje iliyobaki chini. Mkulima aliyenunua mbegu kwa pesa ya mkopo akiona hivyo, moyo humuuma.

Siku hizi vijana huonyeshana kwenye simu video za wawindaji wa Marekani: kunguru wa plastiki wamepangwa shambani, watu wamejificha nyuma ya neti yenye rangi ya majani, na bunduki zinalia. Kisha huuliza kwa nini na sisi tusifanye vivyo hivyo. Hasira iliyo ndani ya swali hilo naielewa. Lakini mengi tunayoyasema kuhusu kunguru wetu hayana ukweli, na yale yaliyo ya kweli yanatupeleka kwingine kabisa.

1. Kunguru wa Nakuru ndiye yule mvamizi wa pwani. SI KWELI.

Mvamizi ni kunguru wa India, ambaye watu wa Mombasa humwita kurabu. Aliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na kufikia 1947 alikuwa ameonekana Mombasa. Tangu hapo ameifuata barabara kuu kuja bara, akapita Voi hadi Mtito Andei. Huyo ndiye ambaye Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mwezi Juni 2024 kwamba litapunguza idadi yake kwa milioni moja kabla ya mwaka kwisha.

Anayeonekana kila siku juu ya nguzo za stima za Nakuru ni mwingine. Ni kunguru rangi mbili: mweusi ti, mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe unaozunguka shingo. Huyu ni mwenyeji wa Afrika, na alikuwa hapa kabla ya reli na kabla ya mji. Kwenye nyanda za nyasi na mashamba ya ngano yuko ndugu yake mweusi mtupu, mwenye mdomo mrefu mwembamba. Magenge ya Hell's Gate nayo yana kunguru mkubwa mwenye baka jeupe kisogoni na mdomo mnene wenye ncha nyeupe. Wote watatu ni wa kwetu.

Kurabu hana weupe popote. Ni mwembamba, na shingo na kifua chake ni kijivu. Itie alama hiyo akilini, maana mwishoni nitakuomba uitumie.

2. Kunguru ni mharibifu, basi kila mtu anaruhusiwa kumpiga risasi. SI KWELI.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwezi Mei 1977. Dhana kwamba ndege wanaruhusiwa kupigwa risasi imedumu kwa sababu kwa miaka mingi baada ya hapo, ndege wachache wa kitoweo kama kanga na kwale waliendelea kuwindwa kwa leseni. Wazee wa Naivasha na Gilgil wanakumbuka milio ya bunduki za wikendi. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilikuja kukataza uwindaji wa kujiburudisha, na ndege wa porini ni wanyamapori. Mnyama akikuharibia mali, mwenye mamlaka ya kuamua ni KWS.

Hata huko Marekani si kila mtu hujipigia anavyotaka. Tangu 1972 kunguru wamo katika mkataba wa kulinda ndege wanaohama, na majimbo huweka msimu usiozidi siku 124 kwa mwaka. Video haionyeshi karatasi hizo.

3. Ndege bandia na maficho humdanganya kunguru. KWELI, lakini kwa muda mfupi.

Mbinu yenyewe imejengwa juu ya tabia halisi. Kunguru humchukia bundi, kwa kuwa bundi huwanyakua usiku wakiwa wamelala. Wakimwona mchana humzunguka kwa kelele na kuitana hadi aondoke. Mwindaji huweka bundi wa plastiki juu ya mti, akatandaza kunguru bandia chini, akajifungia kwenye kibanda cha majani na kupiga filimbi inayoiga mlio wao. Kundi huja lenyewe.

Mababu zetu nao walikaa kwenye dungu wakilinda mtama, na walijua jinsi ndege anavyomtazama mtu. Kunguru rangi mbili akikuta kitu kigeni hatui papo hapo. Huzunguka juu mara mbili tatu, hutua mbali, huinamisha kichwa upande mmoja, kisha huja kwa miguu akirukaruka, mbawa zikiwa nusu wazi tayari kuondoka. Tunasema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Woga huo ni akili. Mmoja akianguka, waliobaki wamepata somo, na mahali hapo na vitu hivyo vimeshaingia kwenye kumbukumbu.

Kubwa zaidi ni kwamba kuua wachache hakupunguzi idadi. Kunguru wakubwa hukaa wawiliwawili na kulinda eneo lao, huku vijana wasio na mahali wakizurura kwa makundi wakisubiri nafasi. Ukimwondoa mwenye eneo, umemfungulia kijana mlango. Chakula ndicho kinachoamua kunguru wawe wangapi. Nenda asubuhi kwenye dampo la Gioto, lililo ubavuni mwa mji, utazame marabu na kunguru walivyosongamana nyuma ya lori la taka, utaona ni nani anayewalisha.

4. Kunguru hukumbuka sura ya mtu. KWELI.

Hili wengi hulichukua kama hadithi, lakini limepimwa. Mwaka 2006 mtafiti John Marzluff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walivaa kinyago wakanasa kunguru saba, kisha wakawaachilia. Kwa miaka iliyofuata, kila aliyepita na kinyago hicho alipigiwa kelele, hata na kunguru ambao hawakuwahi kunaswa. Mwaka 2015 Kaeli Swift, akiwa na Marzluff, alionyesha kwamba kunguru hukusanyika karibu na mwenzao aliyekufa ili kujua hatari iko wapi, na kwamba humkumbuka mtu waliyemwona na maiti hiyo wiki kadhaa baadaye.

Hao ni kunguru wa Marekani, lakini wa kwetu ni wa ukoo huohuo. Nimemwona mmoja karibu na stendi ya matatu Nakuru akiokota ukoko mkavu wa mkate, akaubeba hadi kwenye dimbwi, akauchovya, akangoja, akaugeuza na kuuchovya tena, kisha akaula ukiwa laini. Ndege wa namna hiyo humshindi kwa kumvizia.

5. Kunguru ndiye anayemaliza vifaranga. KWELI KIDOGO.

Hunyakua vifaranga, na mayai pia. Hakuna sababu ya kumtetea kwa hilo. Lakini muuaji mkubwa wa kuku wa kienyeji nchini ni kideri, ugonjwa unaoweza kufagia boma zima kwa siku chache, na una chanjo. Asiyechanja akamlaumu kunguru amemwacha mwizi mkubwa ndani ya nyumba.

Kinga ya vifaranga ni rahisi. Wiki za mwanzo, wafunike na mama yao chini ya tenga mchana, maji na chakula vikiwa humo humo. Kifaranga akishaota manyoya ya mbawa na kujua kukimbilia kichakani, hatari imepungua sana. Shambani, fukia mbegu vizuri, usiache punje juu ya udongo, na weka mlinzi katika zile siku chache miche inapochomoza. Vitisho vihamishwe kila siku, kwa kuwa sanamu iliyosimama pale pale wiki nzima huwa kitulio cha kunguru.

6. Sumu ndiyo dawa ya mkato. SI KWELI, na ni hatari kubwa.

Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, wategaji wa ndege walirekodiwa wakitia dawa ya wadudu ya Furadan ndani ya konokono, huku wakitumia korongo hai waliofungwa kama chambo cha kuwaita wenzao. Nyama ya ndege waliokufa iliuzwa na kuliwa na watu. Mwaka 2009, baada ya habari za simba wa Kenya kuuawa kwa sumu hiyo kuonyeshwa na televisheni ya Marekani, kampuni iliyoitengeneza ilitangaza kuiondoa nchini.

Sumu haichagui. Mzoga uliotiwa dawa kwa ajili ya kunguru utaliwa na mbwa wako, na tumbusi wanaotaga kwenye magenge ya Hell's Gate watashuka kuula. Wakati huohuo, ndege wala nyama wa Kenya wamepungua vibaya: utafiti uliochapishwa 2022 ulikuta kwamba kati ya aina 22 zilizochunguzwa, 19 zimepungua. Dawa inayotumiwa pwani dhidi ya kurabu ni ya aina yake, huingizwa kwa kibali na hutegwa na waliofunzwa. Si ile ya dukani.

7. Kunguru wakiisha hatutapoteza kitu. SI KWELI.

Kunguru rangi mbili hula panzi, viwavi, panya na mizoga ya barabarani. Kiota chake cha vijiti, akishakihama, huwa nyumba ya kozi, ambaye hajengi chake mwenyewe. Ukiangusha viota vyote kwenye miti na minara, umewanyima makao ndege wanaokukamatia panya bure.

Kwa hiyo weka manati chini, na neti ya kujifichia ibaki dukani. Funika vifaranga, chanja kuku, linda miche katika siku zake za hatari, na uwadai viongozi wa mji huu, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, wasimamie taka kama jiji. Na siku utakapomwona kunguru mwembamba mwenye shingo ya kijivu, asiye na weupe popote, mpige picha, andika mahali na saa, kisha upeleke habari katika ofisi ya KWS iliyo karibu nawe. Huyo ndiye mgeni. Pwani ilichelewa kumzuia. Sisi wa bonde bado tuna nafasi.