Kufunga Hesabu za Msitu

Kila mwisho wa mwaka mtunza hazina wa usharika hufunga vitabu: salio la kuanzia, mapato, matumizi, salio la kufungia. Nchi kadhaa za Afrika sasa zinafanya vivyo hivyo kwa misitu, maji na ardhi oevu, na maofisa wao wanakutana katika mafunzo ya kanda kujifunza kazi hiyo.

Chanzo chake ni upungufu wa Pato la Taifa. Msitu ukikatwa, mbao zilizouzwa huingia kama mapato. Msitu uliotoweka hauandikwi popote. Mwaka 2012 nchi 10 za Afrika, Tanzania ikiwamo, ziliafiki Azimio la Gaborone la kuingiza thamani ya maliasili katika hesabu na mipango ya taifa. Machi 2021 Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa ikapitisha utaratibu mmoja wa kuhesabu mifumo ya ikolojia.

Utaratibu huo huanza na eneo: hekta ngapi za msitu wa asili, nyika au mashamba, mwanzoni na mwishoni mwa kipindi. Hufuata hali ya eneo hilo, kisha huduma zake, kama vile maji, kuni, asali na uchavushaji. Thamani ya fedha huja mwisho, ingawa watu wengi huikimbilia kwanza.

Kwa maoni yangu kiini ni hesabu ya hali. Msitu wa asili ukifyekwa na kupandwa misindano, jumla ya eneo lenye miti inaweza kubaki ileile, ilhali ndege, nyuki na mimea ya dawa vimeondoka. Sera inayotazama hekta peke yake itasema tumefanikiwa.

Uganda, katika hesabu za majaribio za mwaka 2017, ilifuatilia Prunus africana, mti ambao magome yake hutengenezwa dawa ya tezi dume, pamoja na miti ya shea na migunga itoayo gundi. Hapo bayoanuai inaacha kuwa neno la semina. Inakuwa kipato cha kaya.

Ugumu upo. Satelaiti huona vilele vya miti, haioni kama chemchemi iliyo chini yake bado inatoa maji mwezi wa Septemba. Hilo linajulikana na wanaoishi pale. Ndiyo maana mafunzo huwaketisha pamoja watu wa takwimu, misitu na maji, ambao mara nyingi kila mmoja ana tarakimu zake kabatini.

Kwa upande wetu, idadi ya miche iliyopandwa ni safu ya mapato tu. Kuanzia robo ijayo, fomu za kamati zitauliza pia miche mingapi iko hai baada ya viangazi viwili, ni ya aina gani, na eneo hilo lilikuwa na nini kabla. Wafadhili watuvumilie: tarakimu zitakuwa ndogo kuliko walizozoea. Kamati zisizo na kifaa cha kupimia mipaka zichore ramani kwa mkono na kutaja mito na vilima vinavyojulikana.