Picha Hii Ina Kosa Gani?

Mtu apigaye picha hupenda kuwaonyesha wenziwe, nao kwa adabu humjibu ya kuwa picha ni nzuri. Jibu hilo lafurahisha, lakini halimfundishi neno. Leo twataka kueleza jinsi picha zinavyokosolewa kwa faida, hasa zile zilizopigwa kwa kamera yenye kipima umbali. Kamera hiyo ina tabia zake, na asiyezijua huweza kumlaumu mpiga picha kwa kosa la chombo, au kukilaumu chombo kwa kosa la mkono.

Kwanza yafaa kukijua chombo chenyewe. Kamera ndogo ya Leica ilibuniwa na Bwana Oskar Barnack katika kiwanda cha Ernst Leitz mjini Wetzlar, Ujerumani, ikaanza kuuzwa mwaka 1925. Ilitumia filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35. Mwaka 1932 zikatokea Leica ya pili na kamera ya Contax ya Zeiss Ikon, zote mbili zikiwa na kipima umbali kilichounganishwa na lenzi. Kamera za namna hiyo zingali zikitengenezwa hata leo.

Je, kipima umbali hufanyaje kazi? Usoni mwa kamera mna madirisha mawili madogo yaliyoachana. Mpiga picha akichungulia huona katikati kitu kile kile mara mbili. Akizungusha pete ya lenzi, zile sura mbili husogeleana; zikilaliana sawasawa, lenzi imekwisha wekwa kwa umbali ulio sahihi. Ni hesabu ya pembetatu, ile ile waitumiayo wapima ardhi. Lakini angalia sana: jicho halichungulii ndani ya lenzi yenyewe. Humo ndimo mna uzuri wa kamera hii na ubaya wake pia.

Uzuri wake ni kwamba hakuna kioo kinachoruka ndani yake, basi mlio wake ni mdogo, wala jicho halifunikwi na giza wakati picha inapopigwa. Mpiga picha huwaona hata watu walio nje ya mpaka wa picha, akajua nani yu karibu kuingia. Ubaya wake ni kwamba dirisha la kuchungulia liko juu na kando ya lenzi. Kitu kikiwa mbali si neno, lakini kikiwa karibu, jicho na lenzi havioni mahali pamoja, na mtu aliyeonekana mzima akatoka hana utosi. Leica M3 ya mwaka 1954 ilipunguza shida hiyo kwa mistari ya mpaka inayojisogeza yenyewe. Tena kuna aliyesahau kuondoa kifuniko cha lenzi: yeye huona kila kitu vizuri dirishani, na filamu nzima haina kitu.

Sasa tuje kwenye lawama inayosikika kuliko zote, kwamba picha haionekani wazi. Mkosoaji asiishie hapo, bali atafute ni ukungu wa namna gani. Kama uso una ukungu na ukuta ulio nyuma yake ni dhahiri, umbali ulipimwa vibaya. Kama hakuna hata kitu kimoja kilicho wazi, na kila nuru imevutwa upande mmoja, mkono ulitikisika. Kama nyumba ni dhahiri na mpita njia peke yake amefifia, yule mtu alikwenda upesi kuliko kamera. Na kama picha zote za filamu zimekosa kwa kiasi kile kile, mwambie mwenzako akitazame kipima umbali, maana huenda kamera ilianguka. Aichungulie nyota au mwezi, pete ikiwa imezungushwa hadi mwisho wa mbali. Zile sura mbili zisipolaliana, aipeleke kwa fundi. Neno kama hilo lina thamani kuliko sifa kumi.

Vile vile ni vyema kuomba kuziona picha zote 36 za filamu kwa mfuatano, si ile moja iliyochaguliwa. Hapo utaona alivyomkaribia mtu hatua kwa hatua, au alivyoacha mapema mno. Mara nyingine picha iliyo bora ndiyo ile aliyoitupa.

Lakini je, kila kosa laharibu picha? Katika miaka ya 1955 na 1956 Bwana Robert Frank, mzaliwa wa Uswisi, alizunguka Marekani kwa gari akiwa na Leica. Alipiga picha zipatazo 27,000, akazichagua na kuzichagua tena hata zikabaki 83, zikatolewa kitabu huko Paris mwaka 1958 na Marekani mwaka uliofuata. Mwaka 1960 wakosoaji wa gazeti la Popular Photography wakakishambulia: picha zina ukungu, zina chembechembe, upeo wa nchi umelala upande. Waliyoyasema yalikuwamo kweli katika picha. Katika picha moja msichana mwendesha lifti wa Miami Beach anatazama juu, na abiria wanaompita wamefifia kabisa. Ungewafanya wale abiria kuwa dhahiri, ungeupoteza upweke wake.

Na si zote zilikuwa hivyo. Iko ya tramu ya New Orleans, ya mwaka 1955, ambayo mistari yake imenyoka sana: madirisha ya mbele yana watu weupe, ya nyuma yana watu weusi, na kila mtu amewekwa ndani ya fremu yake kama sheria ya mji ule ilivyoagiza. Kwa maoni yetu, anayeitazama picha hiyo na kutaja chembechembe tu ameitazama karatasi, wala hajaitazama picha. Swali la kwanza la mkosoaji na liwe hili: mwenye picha alitaka tuone nini? Akishajibiwa ndipo auonyeshe kwa kidole mahali penye kasoro, aseme kama inalizuia lile jambo lisionekane.