Kengele ya Oili Iliayo Ziwani na Kunyamaza Makandana

Makandana si mahali pa mashua. Ni kata ya mji wa Tukuyu, katika miteremko ya Rungwe, yapata meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, penye mvua, chai, migomba na baridi ya asubuhi, na mgeni aliyekuja kumtazama mgonjwa katika hospitali ya wilaya hana sababu ya kudhani kuwa nyuma ya duka la vipuri vya pikipiki atakuta injini ya boti imefungwa ubavuni mwa pipa la maji. Walakini Ziwa Nyasa haliko mbali. Njia ishukayo kwa Masoko na Ipinda humfikisha msafiri Matema, na injini zinazowashinda wenyewe huko chini hupandishwa kwa njia hiyo hiyo, zikiwa zimelazwa juu ya magunia ya mchele, kutafuta fundi.

Mojawapo ya injini hizo ilikuwa ya mapigo manne, na ila yake ilikuwa kwamba kila ilipokwisha kwenda kasi kwa muda mrefu, kisha ikapunguzwa ili boti iikaribie nyavu, kengele ya oili ililia, taa nyekundu ikawaka, na injini yenyewe ikakataa kuongezwa moto. Pale pipani, asubuhi, iliwashwa ikanguruma vizuri na kengele isitoe hata mlio mmoja. Hukumu ikapitishwa papo hapo na waliohudhuria: sensa ni mbovu, ukatwe waya.

Hukumu hiyo ni ya haraka mno, na kosa lake linatokana na kudhani kuwa kengele hupima wingi wa oili. Katika injini nyingi za mapigo manne haipimi wingi, husikiliza presha. Swichi ndogo imekazwa kwenye mkondo ambamo pampu husukuma oili kwenda kwenye beringi, na maadamu msukumo ni wa kutosha swichi hukaa wazi na kengele hunyamaza, bali msukumo ukipungua swichi hujifunga, umeme ukapita, na kelele ikaanza. Ni shahidi aliyeulizwa swali moja tu, naye hulijibu hilo, wala hana ilimu ya kusema kama oili ni chache, au ni nyingi lakini nyepesi, au filta imeziba, au pampu imechakaa.

Sasa itazame ile asubuhi ya Makandana. Oili iliyolala usiku kucha katika baridi ya Tukuyu ni nzito, na oili nzito haipenyi upesi katika nafasi za beringi, kwa hiyo hata pampu dhaifu huweza kuipandisha presha yake. Tena injini iliyo pipani haisukumi chombo, haina mzigo, na huzimwa kabla haijapata moto wa kweli. Kule ziwani, katika joto la Kyela, baada ya mwendo wa kasi, oili imekwisha kuwa nyepesi, na pindi nahodha apunguzapo mwendo pampu nayo huzunguka polepole, hata presha ikashuka kuliko wakati wowote mwingine. Hapo ndipo udhaifu hudhihirika. Kimya cha pipani, kwa hiyo, si ithibati ya afya ya injini, na mwenye kutaka yakini sharti aipime ikiwa imepata moto na inazunguka taratibu.

Kijiti cha kupimia oili kilipochomolewa, injini ikiwa imesimama wima na imepumzika, oili ilionekana kupita alama ya juu. Mwenye boti alifurahi, akiona kwamba basi oili ipo tele. Mimi ningalihuzunika, kwa kuwa oili haizaliani, na ikizidi bila ya mtu kuiongeza, kuna kitu kingine kimeingia ndani yake. Kijiti kilinuka petroli waziwazi, na tone lililosuguliwa baina ya vidole viwili lilikwisha mara, likaacha ngozi karibu kavu. Tukafuata habari za nyuma, tukaambiwa kwamba fundi mmoja aliwahi kuiondoa thamostati ili injini “isichemke”. Injini isiyo na thamostati hubaki baridi kuliko itakiwavyo, hususan ile inayokaa saa nyingi ikizunguka taratibu kando ya nyavu, na katika silinda baridi petroli haiishi kuungua yote, ikateleza kupita kwenye ringi za pistoni na kuingia katika oili. Dawa ilikuwa thamostati mpya, oili mpya ya daraja iliyotajwa katika kitabu cha injini, na filta mpya. Kengele ikanyamaza, safari hii kwa haki.

Kama oili ingekuwa safi na ya kadiri, uchunguzi ungeendelea. Swichi hufunguliwa, gauji ya presha ikakazwa mahali pake, na kipimo kikalinganishwa na kile cha kitabu, injini ikiwa ya moto. Gauji ikisema presha ni njema, ndipo swichi inaposhtakiwa; ikisema ni haba, tatizo liko kwenye pampu, chujio lake au beringi, na hapo mfuko hauna budi kufunguliwa. Waya nao una hila zake: ukichomolewa kwenye swichi na kengele ikaendelea kulia, aghalabu ganda lake limechubuka na shaba inagusa chuma cha injini. Na kabla ya yote hayo, utazamwe mchirizi wa maji urukao nyuma ya injini, kwa sababu katika injini nyingi kengele moja hutumika kwa oili na kwa joto pia, na mchanga wa Matema au kipande cha mfuko wa nailoni huweza kuzuia maji ya kupoza, mtu akabaki akihangaika na oili isiyo na kosa.

Injini za mapigo mawili zenye tangi lao la oili zina utaratibu mwingine: humo mna kielea chenye sumaku, kikishuka na oili kengele hulia, na mara nyingi ni kweli kwamba oili imepungua. Uchafu au maji chini ya tangi huweza kukinasa. Ikiwa kuna shaka juu ya pampu yake, oili ya TC-W3 huchanganywa ndani ya petroli kwa kiasi cha 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa dumu la lita 20, hata pampu itengenezwe. Moshi utazidi, lakini pistoni itasalimika.

Nimewasikia manahodha wakisema kuwa waya hukatwa si kwa ujinga bali kwa hofu, kwani kengele ikilia injini hujipunguza yenyewe, katika nyingi hadi mizunguko ipatayo 2,000 kwa dakika, na mwenye kwenda Ikombe wakati upepo wa mwera unavuma, milima ya Livingstone ikiwa imesimama wima majini bila ya pa kutua, hapendi kupunguziwa nguvu. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini injini iliyopunguzwa hukupeleka ufukweni polepole, na iliyokwama kwa kukosa oili haikupeleki popote. Dawa ya hofu ni galoni ya oili ya akiba chomboni na makasia mawili. Oili ikiisha kuongezwa, rudisha moto chini kabisa, au zima injini uiwashe tena, kwa maana nyingi haziachii kizuizi cha mwendo mpaka lifanyike hilo, na wako waliodhani wamekosea dawa kumbe hawakuimaliza.