Maombi ya Uponyaji na Dozi ya Kifua Kikuu katika Machimbo

Mwakitolyo, katika Wilaya ya Shinyanga, ni kata ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Wengi wao wametoka mbali na ndugu zao, nao waumini wenzao ndio huwa wa kwanza kuwatembelea wanapougua. Kanisani mgonjwa huombewa, huwekewa mikono, na katika baadhi ya makanisa hupakwa mafuta, desturi iliyotajwa katika sura ya 5 ya Waraka wa Yakobo. Maombi hayo humpunguzia mgonjwa upweke na hofu. Pengine humpatia pia uji na nauli ya kwenda kituo cha afya. Tiba haina sababu ya kumkataza mtu kuombewa. Hatari huanza pale maombi yanapochukua nafasi ya dozi.

Kifua kikuu huonyesha jambo hili waziwazi. Wanaochimba ndani ya maduara na wanaosaga mawe kwenye makarasha huvuta vumbi la silika. Vumbi hilo hudhoofisha chembe za ulinzi za mapafu, hivyo vimelea vya kifua kikuu hupata nafasi. Matibabu ya kawaida ya ugonjwa huu huchukua miezi 6: dawa nne kwa miezi 2, kisha dawa mbili kwa miezi 4.

Katika wiki za kwanza, dawa huua vimelea vinavyozaliana kwa kasi. Homa hushuka, kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi. Mgonjwa aliyekuwa akiombewa katika wiki hizohizo husimama mbele ya waumini na kushuhudia kwamba amepona. Hasemi uongo, kwa kuwa anajisikia mzima kweli. Lakini vimelea vichache vilivyolala bado vimo mapafuni, navyo hufa polepole. Miezi inayobaki imewekwa kwa ajili ya hivyo. Dawa zikiachwa hapo, ugonjwa unaweza kurudi, pengine ukiwa sugu, na kuambukiza walio nyumbani na katika mkesha.

Taifa limewahi kuliona jambo la namna hii kwa upana. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500 kutoka kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, aliyeieleza dawa hiyo kuwa ni maono kutoka kwa Mungu. Baadhi ya waliokunywa waliacha dawa za kupunguza makali ya VVU. Mtu anayezitumia vizuri huweza kupimwa na virusi visionekane katika damu; hata hivyo, virusi hubaki vimejificha ndani ya chembe za mwili, na dawa zikiachwa huanza tena kuzaliana, mara nyingi katika wiki chache.

Katika sura ya 17 ya Injili ya Luka, wagonjwa kumi wa ukoma waliomwomba Yesu rehema waliagizwa waende wakajionyeshe kwa makuhani, ambao kwa sheria ya wakati ule ndio waliokagua ngozi na kutangaza kwamba mtu ametakasika. Basi kupimwa si upungufu wa imani. Katika kifua kikuu, ukaguzi huo hufanywa kwa kipimo cha makohozi, wakati wa matibabu na mwishoni mwake.

Mhudumu wa afya amuulize mgonjwa bila dharau: anaombewa wapi, na ameambiwa nini kuhusu dawa? Anayekejeliwa huficha, na anayeficha hutoroka matibabu. Mchungaji naye, kabla ya kupokea ushuhuda, aulize kama dozi imekwisha na kama makohozi yamepimwa. Madirisha ya kanisa yafunguliwe wakati wa ibada. Anayetumia insulini au dawa za kila siku asifunge kula kabla ya kushauriana na mtabibu.

Liko pia jambo la wasiopona. Silikosisi, yaani makovu ya mapafu yanayoletwa na vumbi la silika, haina dawa ya kuyaondoa. Mchimbaji anaweza kumaliza dozi yote ya kifua kikuu na bado akabanwa na pumzi. Huyo apimwe tena, apunguziwe vumbi kazini, wala asiambiwe kwamba imani yake ni haba.

Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, na mwenye VVU anayekohoa kwa muda wowote, aende kupimwa. Matibabu ya kifua kikuu nchini hutolewa bila malipo. Aombewe jioni, na asubuhi ameze dawa zake, hadi siku mtabibu atakapothibitisha kwamba dozi imekamilika.