Krismasi ya Kijamaika kwa Viungo vya Soko la Kasulu

Ukiacha mti mmoja tu, karibu kila kinachoingia kwenye chungu cha Krismasi cha Jamaika kinapatikana Kasulu na Kibondo, au kitaletwa na ndugu anayepanda basi kutoka Dar es Salaam kuja kula sikukuu nyumbani. Maharage mekundu, mbaazi, mbuzi, kuku wa kienyeji, ndizi, muhogo, tangawizi, vitunguu majani, pilipili mbuzi: vyote tunavyo. Kwa hiyo anayetaka kuwaandalia watoto wake mlo huo tarehe 25 Desemba asihangaike sana na orodha ya viungo. Ahangaike na moto, maji na muda, maana huku nyanda za juu za Kigoma mambo hayo matatu yana tabia zake.

Kufanana huku kwa majiko mawili yaliyotenganishwa na bara na bahari kuna historia, tena yenye machungu. Maharage, mahindi, muhogo na pilipili tunazoziona kuwa mazao ya Waha tangu enzi na enzi asili yake ni Amerika. Mbaazi na choya nazo zilikwenda upande wa pili kutoka Afrika, katika karne za meli za watumwa. Waingereza waliitwaa Jamaika kutoka kwa Wahispania mwaka 1655, wakaijaza mashamba ya miwa na Waafrika waliotekwa, na utumwa haukuisha kabisa hadi 1838. Mwaka 1845 vikaanza kuletwa vibarua kutoka India, nao wakaja na bizari. Sahani ya Krismasi ya kisiwa kile imepikwa na watu hawa wote.

Nianze na wali, kwa sababu hapo ndipo palipo na raha kubwa na hatari kubwa.

Pwani yetu hupika wali wa nazi peke yake na maharage ya nazi peke yake, kisha hukutana sahanini. Mjamaika huvipika pamoja. Maharage huiva kwanza, na mchele hutiwa ndani ya maji yaleyale mekundu yaliyoyaivisha, pamoja na tui, kitunguu saumu, vitunguu majani na pilipili nzima isiyopasuliwa. Wali unatoka na rangi ya udongo wa Kasulu, na kila punje imekunywa ladha ya maharage. Krismasi inapofika, wengi kule huacha maharage wakatumia mbaazi mbichi, kwa kuwa msimu wake ndio huo. Kwetu mbaazi kavu zinafaa vilevile, na kwa mpishi mgeni ningezipendekeza kwa sababu hazina usumbufu ninaotaka kuueleza.

Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili, aina ya protini iitwayo lektini. Punje nne au tano zisizoiva zinatosha kumtapisha mtu na kumharisha. Sumu hiyo huharibiwa na mchemko mkali, wala haiharibiwi na joto la kubembeleza. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye maji ya nyuzi 80 hivi yanaweza kuwa na madhara makubwa kuliko mabichi kabisa. Mpishi anayeinjika sufuria juu ya mkaa unaofifia usiku wa mkesha, akaenda kanisani akitumaini atakuta yamelainika, anacheza na afya ya wageni wake.

Ongeza hapo suala la mwinuko. Kila unapopanda mita 300, kiwango cha maji kuchemka hushuka karibu nyuzi 1. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100. Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika lililo mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, ni 97 na kidogo. Kasulu na Kibondo ziko juu ya mita 1,200, na huko maji hutokota kwa nyuzi 95 au 96. Yatatokota kwa nguvu, mvuke utajaa jikoni, na bado hayatapata joto la maji ya pwani. Joto hilo linatosha kuua lektini, lakini kulainisha maharage kutachukua muda mrefu zaidi, na anayefuata saa zilizoandikwa na mpishi wa Kingston au wa Tanga atapakua maharage magumu.

Basi fanya hivi. Yaloweke usiku kucha, asubuhi umwage maji yale. Weka maji mapya na moto mkali, na kuanzia yanapotokota hesabu dakika 30 bila kupunguza moto. Baada ya hapo punguza, funika, na subiri hadi punje ibonyee kati ya vidole viwili. Kwa Krismasi wengi wetu hutumia maharage yaliyovunwa katikati ya mwaka, na yaliyokaa ghalani miezi kadhaa kwenye joto na unyevu huwa magumu kuiva kuliko mapya. Nyanya, ndimu na siki zisiguse sufuria kabla hayajalainika, kwani uchachu huimarisha ganda. Magadi yatayalainisha upesi, hilo kila nyumba inalijua, ila hupunguza vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni inayoonekana waziwazi ndani ya wali. Kwa chakula hiki ningeyaacha.

Kwa kilo moja ya mchele, robo hadi nusu kilo ya maharage makavu inatosha, pamoja na tui la nazi mbili kubwa. Nazi huku ni ya kununua, na bei yake huonyesha umbali iliosafiri. Nimeulizwa mara nyingi kama mawese yanaweza kushika nafasi yake. Mawese ya Kigoma nayapenda na nayatetea popote, lakini ladha yake ni kubwa mno: yakiingia kwenye wali huu yanatawala kila kitu, na utakuwa umepika chakula kizuri cha kwetu, sicho ulichokusudia. Nazi ikikosekana, tumia maji ya maharage na mafuta kidogo ya alizeti, uyaachie mawese sufuria ya sombe.

Sasa ule mti. Unaitwa mpimento. Punje zake kavu ndizo harufu ya Jamaika, na kuni zake ndizo moshi wa kuku anayeitwa jerk, upishi uliorithiwa kutoka kwa Wamaruni, watumwa waliotoroka wakajificha milimani. Wataalamu wa mimea wanauweka mpimento katika ukoo mmoja na mkarafuu na mpera. Kinachotawala harufu ya pimento ni yujeno, mafuta yaleyale yanayotawala karafuu ya Pemba. Kwa hiyo saga karafuu, mdalasini na kungumanga, karafuu ikiwa kidogo kuliko mdalasini kwa sababu ni kali, na utakaribia sana. Kwa moshi tumia matawi makavu ya mpera. Mkaratusi nao ni wa ukoo huohuo na umejaa kila mahali, lakini usikaribie jiko hili, kwani mafuta yake hufanya nyama inuke kama dawa ya kifua. Thaimu, jani ambalo Mjamaika hapiki bila hilo, huuzwa likiwa kavu kwenye maduka makubwa ya mijini. Likikosekana acha nafasi yake wazi.

Viungo hivyo husagwa pamoja na vitunguu majani, tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, ndimu na pilipili mbuzi. Pilipili yetu hii na ile ya Jamaika ni za jamii moja, hata harufu yake ya tunda ni ileile. Ukali wake huyeyuka kwenye mafuta na hauyeyuki kwenye maji, hivyo mtoto aliyezidiwa apewe maziwa. Maji yatamzungushia moto mdomoni tu. Vitabu vingi husema kuku alale kwenye viungo usiku mzima. Hilo ni kwa mwenye jokofu. Asiye nalo amchinje asubuhi, amchanje hadi mfupani, amsugue viungo na kumpika baada ya saa mbili au tatu. Kuku wa kienyeji ni mgumu, kwa hiyo mchemshe nusu kwenye maji machache na viungo vyake kabla ya kumpeleka juu ya mkaa, kisha mfunike kwa bati au sufuria ili moshi usikimbie. Majimaji yanayotoka pajani yawe meupe kabisa, bila wekundu.

Mbuzi wa bizari hana shida na mwinuko wetu. Mishipa migumu ya nyama hulainika hata chini sana ya joto la mchemko, na inachodai ni muda: saa mbili au zaidi kwa moto mdogo. Siri ya Jamaika ni kuikaanga bizari peke yake kwenye mafuta ya moto hadi rangi yake iwe nzito na harufu ibadilike, ndipo nyama iingie. Viazi mviringo hukatwa vidogo na kutiwa nusu saa ya mwisho ili vikolezeshe rojo.

Upande wa samaki tuna migebuka. Ikaangwe hadi iwe kavu, kisha imwagiwe siki iliyochemshwa na vitunguu, karoti na pilipili. Kule huliwa na mkate wa muhogo uitwao bammy, waliorithi kwa Wataino, wenyeji wa kwanza wa kisiwa. Muhogo hukunwa, hukamuliwa, hutiwa chumvi na kuokwa kwenye kikaango kikavu ukiwa bapa. Tumia muhogo mtamu tu. Kukuna huachilia sumu ya sianidi ili ikamuliwe na kukaukia motoni, lakini ule mchungu tunaouvundika siku kadhaa kabla ya kuufanya unga hauwezi kusafishwa kwa kukamuliwa mara moja.

Kinywaji ni choya, ambayo wengine huiita rozela. Mimina maji yanayotokota juu ya maua makavu pamoja na tangawizi nyingi iliyopondwa, karafuu chache na ganda la chungwa, funika hadi asubuhi, chuja, tia sukari. Usitumie sufuria ya alumini, maana uchachu wa choya hula alumini na kuharibu rangi na ladha. Beseni la enameli, chungu au chombo cha chuma kisichoshika kutu kitafaa. Wakubwa wa Jamaika hutia ramu. Yenyewe bila pombe inakamilika, na watoto huimaliza kwanza.

Mpango wa kazi ni huu: choya na kuloweka maharage tarehe 24 jioni, moto wa maharage alfajiri, mbuzi kabla ya kwenda ibadani akiwa na mtu wa kumwangalia, kuku na ndizi mzuzu za kukaanga watu wakisharudi. Mchele uingie mwisho. Wali wenye tui na maharage huharibika upesi, na vijidudu vya wali uliopoa huacha sumu isiyoondolewa kwa kupasha moto, kwa hiyo pika unaotosha kuisha mchana huo, na ukionekana kuzidi utumwe kwa majirani ungali unafuka.