Trekta ya Nyasi Ikiishiwa Nguvu

Mvua za masika zikikolea, kati ya Machi na Mei, nyasi za viwanja vya gofu, shule, hospitali na hoteli huota kwa kasi isiyowezwa na fyekeo. Ndipo inapotolewa stoo ile trekta ndogo ya kukatia nyasi, ambayo dereva huikalia na visu vikazunguka chini ya miguu yake. Na ndipo malalamiko yanapoanza: inawaka bila shida, inatembea, ila ikiingia kwenye majani mazito mlio unashuka, inatetemeka, mara kimya.

Wengi hapo hukimbilia dukani. Wiki hii plagi, wiki ijayo koili, mwisho kabureta nzima, na nguvu hazirudi. Fundi mzoefu huanza na swali lisilogharimu kitu: nguvu zinapotea wakati gani? Injini inayochoka baada ya dakika 20 haina ugonjwa mmoja na ile iliyochoka tangu kuwashwa. Inayolemewa visu vinapowashwa tu huenda ni nzima kabisa, na kosa liko kwingine.

Injini nyingi za mashine hizi, ziwe za Briggs & Stratton, Kohler au Kawasaki, hupozwa kwa hewa, na kasi yake ya kazi hukaribia mizunguko 3,600 kwa dakika. Zina gavana, kifaa kinachohisi mzigo ukiongezeka na kufungua njia ya hewa na mafuta zaidi ili kasi isishuke. Mkono wa mafuta una picha mbili, sungura na kobe, na madereva wengi huuacha katikati wakidhani wanaokoa petroli. Kumbe feni inayopoza injini imefungwa juu ya flaiwili: injini ikizunguka polepole, hewa ya kupoza nayo hupungua, na visu vinakosa kasi ya kukata. Wakati wa kukata, mkono unapaswa kuwa kwenye sungura.

Hata ukiwa hapo, waya wake unaweza kuwa umeteleza kwenye kibano. Dereva anasukuma hadi mwisho, lakini kabureta inapata nusu. Kipimo chake ni cha watu wawili na injini ikiwa imezimwa: mmoja anasukuma mkono, mwingine anachungulia pale waya unapoishia kuona kama kishikio kinafika mwisho wa safari yake.

Kinachofuata ni kuiondolea injini tuhuma. Kama inanguruma vizuri ikiwa imesimama, na inalemewa pindi tu visu vinapowashwa, mtu aiangalie deki kwanza, yaani kava la chuma linalofunika visu. Ufunguo utolewe, waya wa plagi uchomolewe, glavu nene zivaliwe, kisha kila kisu kizungushwe kwa mkono. Kikiwa kigumu au kikikwaruza, beringi imekufa. Chini ya deki mara nyingi hukutwa majani mabichi yaliyogandamana na kukauka hadi nafasi ya kutoa nyasi imebaki nusu. Visu butu navyo huipiga nyasi badala ya kuikata, na kazi hiyo ya bure injini ndiyo inayoilipia. Nyasi ikiwa imefika magotini, hakuna injini ya kulaumiwa: deki inyanyuliwe, ikatwe mara mbili.

Deki ikiwa safi na shida ingalipo, zamu ni ya hewa. Filta ya karatasi iliyojaa vumbi huinyima injini pumzi, mafuta yanazidi hewa, na eksozi inatoa moshi mweusi. Watengenezaji wengi hushauri sponji ya nje isafishwe kila baada ya saa 25 za kazi na karatasi ibadilishwe kila saa 100 au mara moja kwa mwaka. Ratiba hiyo haikuandikwa kwa ajili ya vumbi jekundu la kiangazi. Huku kwetu filta hujaa mapema zaidi. Kuipuliza kwa kompresa ni kosa linaloonekana kila siku katika gereji. Upepo ule hutoboa karatasi vitundu visivyoonekana, vumbi linapita hadi kwenye silinda, na ndani ya msimu mmoja pete za pistoni zinaanza kulika.

Mafuta ndiyo yenye visa vingi zaidi, na kila kimoja kina tabia yake.

Injini inayokwenda vizuri nusu saa, ikaishiwa nguvu na kuzima, kisha ikawaka tena baada ya kupumzishwa, hustahili kuangaliwa mfuniko wa tangi. Mfuniko una kitundu cha kuingiza hewa kuchukua nafasi ya petroli inayotumika. Kikizibwa na vumbi, tangi linavuta dhidi ya lenyewe na petroli inakataa kushuka. Injini ikianza kuchoka, dereva asimame, azime visu, kisha alegeze mfuniko. Ukisikika mfyonzo wa hewa na nguvu zikarudi, ugonjwa umepatikana na dawa yake ni mfuniko mpya au kitundu kilichozibuliwa.

Injini inayopandisha na kushusha mlio yenyewe, kana kwamba kuna mtu anaichezea, kwa kawaida inapata petroli kidogo mno. Kipimo chake ni choki. Ivutwe nusu injini ikiwa imepata moto: ikitulia na kupata nguvu, mafuta hayatoshi, ikizidi kukohoa na kutoa moshi mweusi, mafuta yamezidi. Jibu la kwanza linampeleka fundi kwenye filta ya petroli, bomba la mpira lililopasuka, pampu ndogo inayosukumwa na mapigo ya injini yenyewe, na mwisho kabureta.

Kwenye kabureta za mashine hizi huwa kuna kikombe chini, kinachoshikwa na boliti moja katika modeli nyingi. Baada ya kufunga bomba la petroli, kikombe kinafunguliwa taratibu na kilichomo kinamiminwa kwenye chupa nyeupe ya kioo. Baada ya muda mfupi ukweli hujitokeza: petroli inakaa juu, na chini yake, kama kuna maji, yanajikusanya kuwa matone ya mviringo yanayoteleza kwenye kioo bila kuchanganyika. Wakati mwingine kuna unga wa kahawia, kutu ya dumu au ya tangi. Juu ya kikombe kuna jeti, kipande cha shaba chenye tundu jembamba sana, na petroli yote ya kazi nzito hupita hapo. Petroli iliyokaa miezi ndani ya kabureta huacha utando unaofanana na vanishi, nao huziba tundu hilo kidogo kidogo. Jeti hupulizwa dawa ya kabureta. Haichokonolewi kwa waya wa chuma, kwa sababu tundu likipanuka hata kidogo tu kipimo cha mafuta kinaharibika moja kwa moja. Watengenezaji wengi husema petroli isikae zaidi ya siku 30 bila dawa ya kuihifadhi, ushauri unaopuuzwa na karibu kila stoo inayofunga mashine mwezi wa Juni na kuifungua mvua za vuli zikianza.

Upo pia uchakachuaji. Mafuta ya taa yakichanganywa na petroli, injini hugonga ikipewa mzigo, plagi hujaa masizi na nguvu hushuka. Tatizo hilo lilikuwa kubwa kiasi kwamba Tanzania, kupitia mamlaka yake ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kemikali za kutambulisha mafuta halali, mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Dumu linalonunuliwa kando ya barabara halina ulinzi huo.

Mashine kubwa zaidi zina silinda mbili zilizokaa mfano wa herufi V, na hizi zina hila yake. Silinda moja ikifa, ya pili inaendelea. Injini inawaka, inatembea, hata inasikika ya kawaida kwa sikio lisilozoea, ila nguvu zimebaki nusu au chini ya hapo. Fundi huishika kwa kupima joto la kila eksozi kwa kipimajoto cha mwanga dakika moja baada ya kuwasha: upande uliokufa huwa baridi kuliko mwenzake. Kuchomoa waya wa plagi injini ikiwa inazunguka ni njia ya zamani inayopiga shoti na inayoweza kuunguza koili. Kifaa kidogo cha kupimia cheche, kinachofungwa kati ya waya na plagi, kinafanya kazi hiyo kwa usalama.

Kama cheche ipo na plagi ni nzuri, kava la valvu linafunguliwa. Huko hukutwa mara nyingi fimbo ya kusukuma valvu imepinda au imetoka mahali pake, na valvu haifunguki tena. Kuibadilisha fimbo peke yake ni kujidanganya, kwa sababu kitu kilichoipinda bado kipo: kwa kawaida ni valvu iliyonata kwenye njia yake baada ya injini kuchemka kupita kiasi.

Kuchemka huko chanzo chake hufichwa na plastiki. Juu ya injini kuna kava la feni ambalo wengi hawajawahi kulifungua tangu mashine inunuliwe. Likiondolewa, mapezi ya alumini yanayopaswa kupitisha hewa hukutwa yamefunikwa zulia la nyasi kavu zilizoshikana na oili, na mara nyingine kiota cha panya chenye vipande vya nguo na maganda ya mahindi. Injini ya namna hii huanza asubuhi na nguvu zote na kuzipoteza kadiri jua linavyopanda. Usafi wa mapezi mara moja kwa mwaka, au zaidi penye nyasi kavu nyingi, huchukua muda mfupi. Kava likiwa limetoka ndio wakati mzuri wa kupima pia nafasi ya valvu, injini ikiwa baridi. Katika modeli nyingi ni takriban milimita 0.1, na kipimo kamili kimo kwenye kitabu cha mashine.

Kuna nguvu nyingine ambazo hazijapotea kwa ubovu wowote. Hewa ya milimani ni nyepesi, na injini inayovuta hewa yenyewe hupungukiwa kiasi cha asilimia 3.5 kwa kila mita 300 juu ya usawa wa bahari. Mashine ya nguvu-farasi 20 inayofanya kazi Mombasa au Dar es Salaam kwa kipimo chake chote, ikipelekwa Nairobi, karibu mita 1,700, inabaki na kama 16. Eldoret, mita 2,100, imeacha karibu robo njiani. Arusha, kwa mwinuko wake, iko kati ya pwani na Nairobi. Joto nalo lina sehemu yake ila ni ndogo, asilimia moja kwa kila nyuzi 5.6 za Selsiasi zinazozidi 25.

Si hewa tu inayopungua huko juu. Kabureta iliyopimwa kwa ajili ya pwani huendelea kutoa petroli ileile kwa hewa pungufu, hivyo injini inakula mafuta mengi, plagi inakuwa nyeusi na nguvu zinashuka zaidi ya hesabu ya hapo juu. Watengenezaji huuza jeti ndogo za nyanda za juu kwa ajili hiyo. Briggs & Stratton huonya kuwa injini iliyofungwa jeti hizo isifanye kazi chini ya mita 762, kwa sababu ikishuka pwani itapata petroli kidogo mno na kuchemka. Anayenunua mashine iliyotumika kutoka bara na kuipeleka Tanga au Malindi ana sababu nzuri ya kuuliza jeti gani imo ndani. Injini mpya zenye mfumo wa kielektroniki wa kupuliza mafuta hujirekebisha zenyewe.

Kisa kingine hudhaniwa ni cha mafuta kumbe ni cha umeme. Mashine nyingi huwasha visu kwa klachi ya sumaku inayovuta umeme mwingi, na kabureta yake ina valvu ya umeme inayofungua petroli. Betri ikiwa hoi na mfumo wa kuchaji umekufa, klachi ikishika volti zinaporomoka, valvu inajifunga, injini inazima ghafla. Betri ya volti 12 ikipimwa injini ikiwa katika kasi ya kazi inapaswa kuonyesha kati ya 13.5 na 14.5. Ikionyesha 12 na kushuka, kabureta haina hatia.

Yote hayo yakipita salama, ndipo inapobaki hofu ya injini yenyewe. Geji ya kawaida ya kompresheni hudanganya hapa, kwani injini nyingi ndogo zina kifaa kinachoachia mgandamizo kidogo wakati wa kuwasha. Kipimo cha kuaminika ni cha uvujaji: hewa ya kompresa inaingizwa kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa juu kabisa, shafti ikiwa imeshikiliwa imara, na fundi anasikiliza inakotokea. Ikisikika kwenye eksozi, valvu ya kutolea moshi haifungi. Ikisikika kwenye kabureta, ni ya kuingizia. Ikijaa kwa wingi kwenye tundu la oili, pete za pistoni zimekwisha au gasketi ya kichwa imepasuka kuelekea upande wa fimbo za valvu, hitilafu inayoambatana na kula oili na moshi wa bluu.

Valvu na gasketi hutengenezeka kwa gharama ya kawaida. Silinda iliyolika ni hesabu nyingine, na bei yake hulinganishwa na ya injini mpya kamili, ambayo hufungwa kwa boliti kwenye fremu ileile. Kabla ya kuagiza, vipimwe kipenyo na urefu wa shafti inayotokeza chini: nyingi zina kipenyo cha inchi moja, lakini urefu hutofautiana, na puli za zamani haziingii kwenye shafti isiyolingana nazo.