Yasiyomalizwa na Moto: Mwongozo kwa Wanaopikia Familia na Wageni

Tabora ni mji uliozoea kulisha wageni. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe, na wafanyabiashara wa pwani waliofanya makazi Kazeh na Kwihara walileta pamoja nao mapishi yao. Hadi leo, katika shughuli moja, mgeni huweza kuandaliwa pilau, nsansa iliyoungwa kwa karanga, michembe, kashata, na chai iliyotiwa asali ya misitu ya miombo.

Anayepika nyumbani hana mkaguzi wala maabara. Hutegemea macho yake, mikono yake na moto. Vijidudu vingi hufa chakula kikiiva vizuri. Hata hivyo, yapo mambo matatu, yote yakihusu vyakula tunavyovipenda mkoani humu, ambayo moto wa jikoni hauyamalizi. Kinga yake huanza kabla ya sufuria kuinjikwa au huendelea baada ya kuipuliwa.

1. Sumukuvu katika karanga na mahindi

Sumukuvu huzalishwa na ukungu unaoota kwenye karanga, mahindi na nafaka nyingine zisipokaushwa vizuri au zikihifadhiwa penye unyevu. Haina ladha wala harufu. Kuchemsha hakuiondoi, na kukaanga huipunguza kwa sehemu tu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafariki dunia kwa sumu hii, iliyotokana na mahindi. Kwa anayekula kiasi kidogo kwa miaka mingi, huongeza hatari ya saratani ya ini.

Viwango vya Afrika Mashariki huruhusu sumukuvu isiyozidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya karanga au mahindi. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, lakini punje zilizoharibika huonekana, na mara nyingi humo ndimo sumu nyingi ilimo. Kwa hiyo:

- Nunua karanga nzima, uzichambue, kisha uzisage mwenyewe. Karanga zilizokwisha kusagwa huficha punje mbovu. Muuzaji akikukataza kutazama bidhaa, nunua kwingine.
- Ondoa punje zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Usiwape kuku wala ng'ombe, kwa kuwa sumu huweza kurudi kwako kupitia maziwa.
- Pima ukavu wa mahindi kabla ya kuyahifadhi. Tia punje chache pamoja na chumvi kavu katika chupa kavu yenye kifuniko, uitikise, kisha uiache itulie kwa dakika chache. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana unyevu, yaanike tena.
- Anika juu ya turubai au kichanja, usianike juu ya udongo. Weka magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

2. Asali na mtoto mchanga

Asali ya Tabora ni fahari ya mkoa, na kwa mtu mzima mwenye afya ni chakula salama. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi 12, hali ni tofauti. Asali, hata iliyo safi kabisa, huweza kubeba mbegu za bakteria ambazo hudumu hata zikichemshwa. Utumbo wa mtoto mchanga bado haujakomaa kuzizuia. Humea humo na kutoa sumu inayolegeza misuli, ikiwemo ile ya kupumulia.

Kwa sababu hiyo, usimlambishe mtoto mchanga asali, usiitie katika uji wake, wala usimpe keki au maandazi yaliyotiwa asali. Mama anayenyonyesha anaweza kuila bila kumdhuru mtoto. Mgeni akileta asali kama zawadi ya uzazi, ipokelewe kwa shukrani na iwe ya mama. Mtoto akikosa choo, akinyonya kwa udhaifu, akilia kwa sauti hafifu au kope zikilegea, apelekwe hospitali mara moja.

3. Wali uliolala

Mchele nao hubeba mbegu za bakteria zinazostahimili kuchemka. Wali ukiachwa sufuriani usiku kucha, mbegu hizo humea na kutoa sumu. Kiporo kikipashwa asubuhi, bakteria wanaweza kufa, lakini sumu waliyokwisha kuitoa hubaki, na matokeo yake ni kutapika na kuharisha.

Chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Penye jokofu, gawa wali katika vyombo vipana ili upoe haraka, kisha uuhifadhi. Pasipo na jokofu, pika kwa kadiri ya walaji, na fungu la jirani lipelekwe likiwa la moto. Ikiwa sherehe ni ya jioni, pilau isiipuliwe mchana na kusubiri. Kilichokaa tangu jana usimtumie mtu, hata kama hakijachacha.

Iwapo watu waliokula pamoja wataugua

Wapeleke katika kituo cha afya kilicho karibu, mweleze mhudumu walikula nini na saa ngapi, na mtunze mabaki ya chakula, yakiwa yamefunikwa na kutengwa, ili yapimwe. Macho kuwa ya manjano na tumbo kuvimba baada ya kula nafaka au karanga ni dalili zisizopaswa kusubiri. Usione haya kumtaja aliyepika, hata akiwa ni wewe. Taarifa ya mapema huokoa wengine waliokula sinia hilohilo.

Mapishi yako yakianza kuuzwa, yanakuwa biashara ya chakula. Fika ofisi ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), linalosimamia usalama wa chakula Tanzania Bara tangu 2019, uelekezwe taratibu za usajili.